Herufi Yenye Chozi

Jumatatu, 4 Machi

Bango la duka la tatu la mwokaji limepanda leo. "mikate ya baraka" – kijani juu ya njano, juu ya mlango wa duka jipya pale kona. Watu wamesimama kutazama. Mwokaji anawatangazia wapita njia kama yuko mnadani: huyu mama hatumii mashine, ni mkono na brashi tu, ndiyo maana simwachi!

Na mimi niko juu ya ngazi, mgongo kwao, nautabasamia ukuta.

Mkono na brashi! Herufi zote ni stika. Zimekatwa jana na mashine ya Kompyuta – ndivyo tunavyomwita kijana wa karakana ya jirani. Nimezibandika asubuhi na mapema kabla duka halijafunguliwa. Watu walipoanza kupita nikatoa brashi, nikapitisha rangi kidogo kwenye kingo, ili ionekane nachora.

Hili ni bango la sita. Nilisema nitafanya moja tu, kwa sababu ya bega. Bega likapona, nikafanya la pili.

Na herufi ni zangu, jamani. Kompyuta alipiga picha bango langu la zamani lililoegemea ukuta wa karakana yangu, akazichomoa herufi moja moja. Zilizokosekana nikamchorea kwenye karatasi. Kwa hiyo mkono ni wangu. Ni wangu, ila haukuwepo.

Baba watoto ameniuliza mbona sili. Nimesema jua kali.

Jumanne, 5 Machi

Mwokaji amepiga simu wakati naosha brashi (za nini? sijui, mazoea). Sauti ya furaha. "Fundi! Nimegundua siri yako!"

Nilikaa chini. Palepale sakafuni, kwenye mabaki ya msasa.

Kumbe siri yenyewe: kila a ya bango lake inalia. Amezihesabu, ziko tano, kila moja ina chozi linaloshuka kutoka tumboni. Amesema amesimama ng'ambo ya barabara anacheka peke yake, eti hata herufi inalia ikisikia harufu ya mkate wangu! Akauliza, ni alama yako mpya?

Nikasema ndiyo.

Nimeenda kuangalia. Ni kweli. Lile bango la zamani nililichora siku mtoto alipokuwa na homa, mbio mbio, rangi nyepesi mno, na chini ya a kulishuka tone. Sikulifuta. Kompyuta ameichukua a na tone lake, mashine imekata kila a vilevile. Machozi matano, mapacha.

Na mimi sikuona! Ukiwa juu ya ngazi pua yako iko kwenye herufi, hulioni neno. Lazima ushuke, uvuke barabara, ugeuke utazame. Mjomba, aliyenifundisha kazi hii, alinipigia kelele miaka mitatu kwa jambo hilo moja: shuka, vuka, tazama. Siku hizi sishuki. Stika, nishuke nikatazame nini?

Kwake yeye tone ni fedheha. Likishuka tone, alikuwa anafuta ubao mzima, siyo tone tu. Leo mimi nimeliita alama yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mwokaji ameisambaza picha. Kila simu mtaani inayo. Amekuja mwenye duka la dawa, anataka "ile inayolia." Wamekuja wa shule ya udereva, nao wanataka. Nikamwuliza wa udereva, bwana, chozi kwenye shule ya udereva, huoni watu watakimbia? Akacheka, akasema weka tu mama, ndiyo mtindo.

Nimewaambia wote sawa.

Jioni amekuja mkuu wa chuo cha ufundi. Mtu mpole, viatu vinang'aa, anazungumza kama anakusomea. Tarehe ishirini na tatu wana mahafali. Anataka niwahutubie wahitimu: namna ya kufanikiwa na kudumu, kwa juhudi na kwa kuwa wewe mwenyewe. Akasema vijana wa leo wanaiga sana, wanataka njia za mkato, wakuone wewe uliyeshika brashi hadi leo.

Kilemba cha ukoka kilichonitosha kichwani barabara! Mdomo ukakubali kabla yangu. Nimemsindikiza hadi barabarani, naye ananishukuru njia nzima.

Nilipomweleza baba watoto amefurahi kweli. Ameahidi kubadilishana zamu hospitalini ili aje. Nikamwambia usijisumbue. Akasema kwa nini? Nikaanza kuondoa vyombo. Anajua habari ya stika, ila kwake stika ni kama sindano ya kutumia mara moja: kitu kizuri, kinarahisisha kazi, unalia nini?

Jumamosi, 9 Machi

Mjomba amekuja chai, kama kila Jumamosi. Kwa kawaida anaingia na utani mlangoni. Leo ameingia kimya. Amekoroga chai ambayo hata sukari hakuitia.

Amepita dukani kwa mwokaji. Ameona.

Nikajua yamekwisha. Nikasubiri. Naye akazunguka, akaanza mbali – kwamba mkono ukichoka si aibu, kwamba hata yeye mwaka ule wa mafua alidondosha rangi, kwamba watu wazima tunachoka. Kisha taratibu kabisa, akitazama kikombe: "Lakini matano, mpwa wangu? Na ukayaacha?"

Hajui! Anadhani nimechora. Anadhani nimezeeka mkono nikiwa na miaka thelathini na tisa, na nimeona haya kumwambia.

Akajitolea. Ataenda na ngazi yake, asubuhi kabla ya watu, ayafute na kuzipaka upya zile a. Hakuna atakayejua. Mzee wa miaka sabini na kitu apande ngazi kuficha aibu yangu! Nikamkatalia, nikasema nitayafuta mwenyewe wiki hii. Akanipapasa bega, lile lile bovu. Akasema mpwa, kazi yako ni nzuri, ni matone tu.

Angenitukana ningelala salama.

Jumapili, 10 Machi

Wamekwenda wote kutembea, nimebaki. Nimetoa ubao, nimepiga mstari wa chaki, nimechora a moja.

Imetoka kama yai lililokaliwa.

Nikachora nyingine. Nikachora ishirini. Mkono unafika kwenye mkunjo unasita, unaniuliza sasa twende wapi? Mwaka mmoja tu wa kubandika! Nimeufuta ubao kabla hawajarudi.

Jumatano, 13 Machi

Kalamu haitaki lakini lazima niandike.

Mjomba amekwenda. Nilimwambia asiende, amekwenda. Alfajiri, na ngazi yake, kitambaa, chupa ya tapentaini. Mkaidi yule! Tena kwa kunionea huruma.

Amesugua chozi la kwanza. Halikutoka. Akasugua zaidi. Akatumia ukucha, na chozi likanyanyuka, na likaja na a yake yote. Rangi gani inakuja na herufi nzima?

Yote haya nimesimuliwa na mwokaji kwenye simu, maana alifika kufungua duka akamkuta mzee juu ya ngazi, na bango linasema "mik te ya baraka." Akapiga kelele, we mzee, unaniharibia! Na mjomba – hapa ndipo nilipotamani ardhi ipasuke inimeze – mjomba akamwambia samahani bwana, rangi ya siku hizi ikipigwa na jua inaambuka kama ganda, mpwa wangu amenituma niikague, atakuja kuitengeneza.

Amedanganya. Mjomba! Mtu aliyewahi kumrudishia mteja bango kwa sababu nafasi kati ya herufi mbili haikumridhisha yeye mwenyewe, mteja wala hajaona. Amesimama barabarani akadanganya kwa ajili yangu.

Nilikimbia na rangi na brashi. Nimemkuta bado yupo, amekaa kwenye kipago cha chini cha ngazi. Ile a imegandia kidole gumba chake. Anaikung'uta haitoki, anaihamishia mkono wa pili, inagandia huko. Ingekuwa siku nyingine tungecheka hadi tushike mbavu.

Nikasema, mjomba. Akaibandua mwishowe, akaibandika kwenye ngazi yake, akaibeba ngazi akaondoka. Nilitaka nimsaidie kubeba, akaihamishia bega la upande wa pili.

Nimeipaka ile a kwa brashi. Mara hii kwa brashi kweli. Imepinda. Mwokaji akatazama, akasema safi, ila hujaweka chozi.

Nikaliweka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kwa mjomba. Mkewe ameniambia mlangoni amelala. Redio inasikika, na mtu anakohoa, na kiti kinalia.

"Amelala kweli, mkaza mjomba?"

"Amelala, mwanangu. Amesema niseme hivyo."

Tukatazamana. Maskini, naye kumdanganya mtu hajui. Nikaacha salamu, nikarudi.

Jumamosi, 16 Machi

Chai imepoa. Hakuja.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwendea Kompyuta, nimemwambia basi, nimeacha. Azifute herufi zangu kwenye mashine yake.

Hakukasirika. Ameniuliza tu, dada, kosa langu nini? Mimi sikumwambia mtu kwamba nachora kwa mkono. Watu wakija kwangu najua na wanajua, mashine hii hapa inanguruma. Wanataka chozi, nakata chozi. Aliyesema ni mkono ni nani?

Mtu mkweli kuliko wote mtaa huu ni yule mwenye mashine.

Kisha akanionyesha: za duka la dawa ziko tayari, zimeshakatwa, zimekunjwa vizuri. Nizitupe?

Ningesema zitupe. Nilikwenda pale kwa ajili hiyo hasa! Lakini mwenye duka la dawa anafungua kesho, na nilimwahidi, na mkono wangu bado unachora mayai.

Nimezibandika. Saa sita mchana, jua la utosi, na brashi ya maonyesho mkononi. Mtoto mmoja wa shule alisimama akaniuliza, mama, mbona brashi yako haina rangi? Nilikuwa nimesahau kuichovya. Napitisha brashi kavu kwenye plastiki, mbele za watu, kama kichaa.

Nimemwambia ni rangi isiyoonekana. Akaondoka akigeuka geuka kunitazama.

Alhamisi, 21 Machi

Siku tatu nachora. Karakana nimefunga mlango, nimewaambia watu nimesafiri. Mstari wa wima umerudi. Mkunjo unakuja, unakimbia, unakuja. Nimegundua nilikuwa nashika pumzi. Nikipumua unakuja.

Mkuu wa chuo amepiga simu, ana furaha ya harusi. Wameniandalia jambo! Kabla ya hotuba nitawachorea wahitimu bango la chuo, palepale, mbele yao. Ubao upo, rangi ipo. Maneno matatu tu: kazi si aibu. Vijana waone mkono wenyewe ukifanya kazi, mama, kuliko maneno.

Hapo nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikasema asante sana.

Kisha nikaenda kwa mjomba. Safari hii sikumwuliza mtu kama amelala, niliingia hadi uani. Alikuwa anatia gundi mguu wa stuli. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama – mabango sita, sasa saba, bega, Kompyuta, la dawa nililobandika baada ya yeye kujua. La dawa ndilo lililokuwa gumu kulisema. Nililia, na kamasi.

Alinisikiliza huku ameshikilia ule mguu usiachane na gundi. Akauliza swali moja. Lile bango la mtoto mwenye homa, kwa nini hukulifuta tone?

Nikasema nilitaka kurudi nyumbani.

Akasema hilo naliweza. Mtu akitaka kurudi kwa mtoto wake, hilo naliweza. La kulifanya alama ndilo lililonishinda.

Nikamwomba aje Jumamosi. Akafuta gundi iliyovuja kwenye mguu wa stuli, akaukagua pande zote. Halafu: nitakuja kutazama mkono. Hotuba sitaisikiliza, utanisamehe, sikio moja halisikii na la pili nitaliziba.

Huo ni utani! Kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. Nimerudi nyumbani nikakuta nimepita duka la dawa na sikuinua kichwa.

Jumamosi, 23 Machi

Niko ofisini kwa mkuu wa chuo. Wengine wanakula. Nimesema sina njaa, naomba nikae peke yangu niipitie hotuba. Hotuba imo mkobani, sijaifungua. Naandika hapa.

Ubao wameusimamisha uani. Wahitimu kwa safu, majoho yao mapya bado yana mikunjo ya pasi. Baba watoto nyuma na simu yake, anarekodi. Mjomba wamemweka mstari wa mbele, kwenye kiti chenye mto, na anaonekana kuuchukia ule mto.

Mipigo miwili ya kwanza nilishika pumzi. Kisha nikapumua. K ikatoka. Imetoka! Nikashuka, nikaenda hadi mwisho wa ua, nikageuka nikatazama, nikarudi. Nikachora a. Nikashuka tena. Kila herufi, chini, mbali, tazama, rudi. Mara ya kwanza wahitimu walicheka. Mara ya nne wakawa wananipisha njia bila kuambiwa.

kazi si aibu. Yote, hadi u. Ile s imelala kidogo na z ningeirudia. Tone hakuna hata moja.

Nilimtazama mjomba. Hakupiga makofi. Alikuwa amefumba jicho moja, anaupima mstari wa chini. Sijapata kufurahi vile tangu lini, sijui.

Ila makofi ya wengine yalikuwa ya adabu. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: jamani, na chozi je? Wahitimu wakadaka – chozi! chozi! chozi! – wanagonga viti. Msichana wa mbele ameinua simu yenye picha ya duka la mikate, ameilinganisha na ubao. Amemwambia mwenzake, nimemsikia kwa masikio yangu: huyu siye, wameleta mwingine.

Huyu siye!

Mkuu akanishika mkono akanileta huku. Mpole vilevile. Amesema ubao ni mzuri, wa kupendeza mno, ila kwenye mwaliko waliandika fundi wa herufi yenye chozi, na mgeni rasmi atarudi baada ya chakula akute bango kama la mtu yeyote. Machozi mawili tu mama, kwenye zile a mbili. Ili liwe lako kweli. Kisha utatuhutubia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno ninayo, nimeyafanyia mazoezi kwa mjomba na kamasi juu: lile chozi ni kosa, bwana mkuu, na lilikatwa na mashine. Nimefungua kinywa. Nimesema, ngoja rangi ikauke kidogo.

Rangi ikauke! Mwanamke mzima. Nimekuwa mwoga hadi nachekesha.

Nikiyaweka machozi, nitashangiliwa, nitahutubia, na kesho watakuja wateja wengine. Mjomba atanyanyuka kwenye ule mto ataondoka, na Jumamosi zote chai itapoa. Nisipoyaweka, lazima niseme kwa nini, kwa kipaza sauti, mbele ya vijana wote hawa na mwokaji, naye kaalikwa, kakaa karibu na mgeni rasmi. Jina lote litabanduka siku moja, kama ile a.

Dirishani namwona mjomba. Hajaenda kula. Viti vyote vitupu, yeye yupo, anautazama ubao.

Mlango umefunguka. Ni mkuu. Ameniletea brashi yangu mwenyewe, amekwisha kuichovya ili asinisumbue. Anasema watu wameanza kurudi. Nimemwomba dakika, nimalizie sentensi. Amekubali, anasubiri pale mlangoni, anatabasamu. Rangi inamdondoka kwenye zulia lake, tone, tone jingine, wala hajaona. Nami sijamwambia.